Moshi wa Risasi katika Chumba cha Nyuma

Baba yangu,

Natumaini huko uliko unavuta hewa safi. Mimi nimekaa barazani, Kariakoo hii hii, na mkono wangu wa kulia umeanza kushika kalamu tena. Nataka kukuambia kilichokuua. Lakini kwanza nikuambie niliyemdhania.

Ulipoanza kuumwa, nilimshuku mkeo. Tumbo lilikuwa likikusokota, choo hukipati siku nne, uso umepauka, na ile mikono iliyokuwa ikimimina risasi iliyoyeyushwa kwenye kalibu bila kudondosha hata tone ikawa inaning'inia kama ya mtu aliyelala. "Mwajuma, nishikie kikombe," ukasema, nami nikageuka kumtazama Bi Tatu. Nani anakupikia? Yeye. Nani anakukorogea uji? Yeye. Mimi nimeachwa na mume, nimerudi kwako, nimemkuta mwanamke asiye mama yangu ameshika funguo za nyumba. Ningemshuku nani mwingine?

Nilimvizia, Baba. Akifungua fundo la kanga, nipo. Akigeuza mgongo, naunusa uji. Siku moja niliumimina kidogo kwa paka. Paka akalamba, akajinyoosha juani, akalala zake. Nikajiambia sumu ya mtu haimdhuru paka.

Na wewe, usikasirike, hukuwa mbali nami kwa kushuku watu. Kibali cha kutengeneza risasi za magobori ulikuwa nacho, kimekunjwa mfukoni mwa koti. Lakini askari wawili walipopita kuuliza nani anazinunua, ukakosa amani. Uliwaeleza ni wakulima wa Kisarawe, nguruwe wanawamalizia mihogo. Walipoondoka ukaninong'oneza, "Jirani amesema." Jirani gani, hukujua. Kesho yake jiko likatoka uani likaingia chumba cha nyuma, ukapigilia mbao dirishani, ukanipa magunia nizibe chini ya mlango. Humo ndimo tulimoyeyushia mabomba makuukuu ya risasi, mkaa unawaka, tunakwangua utando wa juu kwa kijiko, na mdomoni ladha tamutamu ya chuma. Tulikula humohumo, mikono hatujanawa.

Bi Tatu alisimama mlangoni akikohoa. "Mume wangu, humu hamna hewa. Fungueni dirisha."

"Unataka nani aone?" ukamjibu.

Mimi nikacheka. Na mimi nilijidai najua anataka nani aone: wale askari.

Ukafa. Siku ya arobaini, wakiwa wamekaa ndugu zako wote waliotoka Kisarawe, nilisimama nikasema uji wa Bi Tatu ndio uliokupeleka kaburini. Bi Tatu aliingia ndani, akafunga nguo zake, akaenda kwa dada yake Buguruni. Nikasema, mnaona? Mwenye haki hakimbii.

Kibali chako kikaondoka nawe, basi wenye magobori nikawaambia watafute pengine. Nikashika kazi ya kumimina chubwi, vile vizito vya risasi vya kuzamishia nyavu za wavuvi wa Kivukoni. Jiko lilelile, chumba kilekile, mbao dirishani. Nilijipikia mwenyewe. Chungu changu nilikifungia sandukuni, Baba, unasikia? Sandukuni!

Halafu tumbo likaanza kunisokota.

Nilimtazama jirani wa kulia, kisha wa kushoto. Nikaacha maji ya mtungini, nikawa nateka mwenyewe bombani. Sikupona. Siku kikombe kiliponiponyoka mkononi, nikaenda hospitali. Hata daktari nilimwangalia kwa jicho la pembeni, maana hakuniuliza nimekula nini. Aliniuliza, "Unafanya kazi gani?" Kisha akanifunua mdomo, akanipa kioo. Ufizini mwangu kulikuwa na mstari wa bluu-nyeusi. Nilikuwa nimeuona kwako, nikadhani ni tambuu.

"Ni risasi hiyo," akasema. "Moshi wake, vumbi lake. Hata usipouona, unaumeza."

Sikulia hospitalini. Nililia njiani, watu wakinipisha.

Nilikwenda Buguruni. "Shikamoo, Mama," nikasema. Sikuwahi kumwita hivyo. Alimaliza kwanza kukunja kanga yake, ndipo akaitikia, "Marahaba." Nikamweleza yote, na mdomo nikamfunulia aone. Hakunikumbatia. Alisema, "Ulikuwa ukiunusa uji wangu nami nakuona. Nilidhani utachoka." Kisha akauliza, "Na lile dirisha?"

Nililifungua siku ileile. Fundi bati akanitengenezea kofia pana juu ya jiko, na bomba lake linalopanda hadi juu ya paa, lipite mapaa ya majirani. Bi Tatu alikuja kukagua, hakuniamini, na ana haki. Aliwasha kumbi la nazi, akalipuliza likabaki linafuka, akazunguka nalo. Moshi ukaenda vizuri mpaka pembeni pale ninapokaa, ukagota. "Wewe unakaa hapa, na moshi nao unakaa hapa," akasema. Tukahamisha kigoda, mlango uwe mgongoni kwangu, hewa iniingilie nyuma na kusukuma moshi kwenye kofia. Akazunguka tena na kumbi. Ukatoka wote. Sasa simwagi maji karibu na chungu cha moto, risasi isije ikanirukia, lakini sakafu ikishapoa naifuta kwa tambara bichi, vumbi lisiruke. Humo hakuliwi kitu, wala mtoto haingii.

Kuna jambo hukulijua, Baba. Nimelizungushia maneno tangu mwanzo wa barua.

Wiki mbili kabla hujafa, ulipokuwa umejikokota kurudi jikoni kwako, Bi Tatu alichukua nyundo akang'oa ubao mmoja. Upepo ukaingia. Ulivuta pumzi, ukasema, "Alaa, leo kuna nafuu." Alipokwenda sokoni, niliurudisha. Nilipiga misumari sita. Nilidhani anawafungulia wabaya wako.

Sijui kama ubao ule ungekuokoa. Daktari nilimuuliza, akasema huenda ulikuwa umeshachelewa. Huenda.

Ijumaa hii ndugu zako wanakuja kukusomea khitma, na Bi Tatu nimemwomba aje. Amekubali. Nakuahidi nitasimama palepale niliposimama, mbele ya walewale. Nitasema uji ulikuwa uji tu. Kisha nitawaambia ni nani aliyefungua dirisha, na ni nani aliyelifunga.

Lala, Baba. Unisamehe ukiweza.

Mwanao,
Mwajuma