Nahodha Asiyeweza Kuinua Chombo Chake

Mshauri wangu, salamu nyingi. Nakuomba unisaidie maana jambo hili limenikaa kooni, halishuki wala halitoki, na nyumbani siwezi kulisema.

Mimi ni fundi wa miwani, nasaga vioo kwenye chumba cha nyuma cha duka, na katika jengo letu ghorofa ya juu kuna rafiki yangu ambaye ni mpambaji wa kumbi za harusi, na mume wake ana mjomba mwenye banda la vyombo ufukweni, vile vimashua vidogo vya matumbo mawili wanavyoviita katamarani, matumbo mawili membamba, katikati turubai ya kukalia, na tanga moja refu, kila kimoja kinachukua watu wawili, basi mjomba amesafiri akawaachia ufunguo, na sisi tukakubaliana Jumapili ijayo tutoke asubuhi na vyombo vitatu, tufuate ufuo mpaka kwenye rasi yenye mnara wa taa, tule mchangani, turudi jua likiwa bado juu.

Sasa mshauri, laiti ungeona huyo mpambaji anavyopanga safari, ungedhani bahari ni ukumbi wa kukodi, maana kitu cha kwanza alichotuma kwenye kundi letu la simu ni rangi, yeye na mumewe njano, wanaume wawili wa duka la mikate chini yetu bluu, mimi na wifi yangu nyekundu, na fulana ameshashona, na riboni za kufunga kwenye mlingoti ameshakata, halafu akasema majaketi ya kuokolea tuyavue wakati wa picha kwa sababu ni ya machungwa na rangi ya machungwa inaua nyekundu, na watu wazima wenye akili zao wakajibu sawa, wakabishana wiki nzima kama keki itakaa juu ya turubai au itateleza, lakini upepo utatoka wapi siku hiyo hakuna hata mmoja aliyeuliza, ndiyo watu nilio nao hao.

Katika sisi sita wanaojua kuendesha ni watatu tu, mume wa mpambaji ambaye amekua na vyombo hivyo, dereva wa gari la mikate, mmoja wa wale wawili wa bluu, mtu mwenye mwili wake, na mimi, kwa sababu mimi nimesoma, nilikwenda kwa mwalimu kule ufukweni nikajifunza, na mwalimu mwenyewe alisema nashika usukani vizuri kuliko wanaume wengi, basi niliporudi nikawaambia masomo nimemaliza, na tangu hapo kila mtu ananiita Nahodha, mpaka wateja wa miwani, na sikatai kwamba jina linanipendeza.

Lakini kuna somo la mwisho, la kuinua chombo kikipinduka, unasimama juu ya tumbo lililo chini majini, unashika kamba, unajitupa nyuma kwa uzito wako wote mpaka mlingoti utoke majini, na mimi nilining'inia kwenye ile kamba kama nguo iliyoanikwa, chombo hata hakikutikisika, nikajaribu tena na tena mpaka viganja vikachubuka, mwishowe mwalimu akapanda mwenyewe akakivuta mara moja kikasimama, akaniambia, "Dada, kosa si lako, huna kilo. Usije ukatoka na mwepesi mwenzio, mkilala hamtaamka. Tafuta mtu mnene." Hilo sikulisema kwa mtu.

Na wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ni mwembamba kunishinda mimi, anajua kuogelea lakini ni kule bwawani upande ambao miguu inagusa chini, na bahari anaiogopa tangu utotoni, aliposikia safari alikataa katakata, ni mimi niliyemshawishi, nikamwambia, "Ukiwa na mimi una nini cha kuogopa?" akasema, "Haya wifi, nakuja kwa sababu yako, angekuwa mwingine nisingethubutu," na mume wangu naye akasema anamkabidhi mikononi mwangu, nimtunze kwa kuwa ndiye dada pekee aliyebaki naye.

Siwezi kubadilisha mipango kwa sababu mpambaji amekwisha kutupanga, kuna yule wa pili wa duka la mikate, mwokaji tunayemwita Tani, jitu la miraba minne, aliwahi kuandika kwenye kundi, "Nahodha, mimi sijui kuendesha, nichukue niwe uzito wako," nikamjibu kwamba chombo changu hakibebi magunia ya unga, watu wakacheka sana, na kusema kweli ningekaa naye watu wangedhani yeye ndiye anayeendesha, basi tangu siku hiyo hajaandika kitu.

Nimefikiria nijifanye naumwa tumbo asubuhi ile, au ninyamaze tu nimwombe Mungu upepo uwe mdogo, maana vyombo vingi vinakwenda na kurudi bila kupinduka. Wewe unaonaje? Na wifi akijua, ataniona mimi mtu wa aina gani?

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Nahodha

*

MSHAURI ANAJIBU

Bibie, nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikitafuta tatizo na mara ya pili nikitafuta chembe ya haya. Tatizo nililipata.

Umenipitisha kwenye riboni, keki na fulana, ukamcheka mpambaji wa watu mpaka nikamhurumia, na katikati ya kelele zote hizo ukadondosha kwamba unataka kumchukua binti wa watu, anayeogopa maji, umpandishe kwenye chombo ambacho kikilala nyinyi wawili hamna uwezo wa kukiinua. Kisha ukasaini Nahodha. Kalamu haikuteleza mkononi?

Mpambaji ni mjinga wa bahari, sawa. Anayemvua mtu jaketi la kuokolea ili picha itoke vizuri anahitaji kukemewa, nami namkemea hapa hapa: mama, hayo majaketi yametiwa rangi hiyo ili mtu aonekane kutoka mbali, kwa hiyo kama yanaua fulana zako, acha zife. Lakini yeye hajui. Hajawahi kuning'inia kwenye kamba ile. Katika watu sita ni wewe peke yako uliyeambiwa na mwalimu, kwa Kiswahili chepesi kabisa, usitoke na mwepesi mwenzio, na ukaenda moja kwa moja kumchagua mwepesi kuliko wote. Halafu unashangaa kwamba hakuna aliyeuliza habari za upepo. Wewe uliuliza? Nimeitafuta hiyo sehemu kwenye barua yako, haimo.

Tena unaniambia huwezi kubadilisha mipango kwa kuwa mpambaji amewapanga. Usinivalie miwani ya mbao, hata kama miwani ndiyo kazi yako. Nafasi ya kuibadilisha ilikuja ikakukuta mlangoni. Yule mwokaji alikuandikia kwa mkono wake kwamba yuko tayari kuwa uzito wako, yaani dawa ileile aliyokuandikia mwalimu, imekufuata yenyewe, na kwa heshima. Wewe ukamwita gunia la unga mbele ya wenzake. Na sababu umeitaja mwenyewe: watu wasije wakadhani yeye ndiye anayeendesha. Kwa hiyo huyo binti anawekwa kwenye hatari ili wewe usionekane abiria. Nimejaribu kulisema hili kwa upole, limenishinda.

Kuhusu tumbo la kusingizia, sahau. Ukiumwa Jumapili hii utapona Jumatatu, na wifi yako ataendelea kuamini kwamba anaye nahodha ndani ya nyumba. Watapanga safari nyingine, atakuja tena kwa sababu yako, nawe utatafuta kiungo kingine cha kuuma. Na kumwomba Mungu apunguze upepo ili uongo wako upite salama, hilo sina la kusema, nenda kamwambie mwenyewe uso kwa uso kama unathubutu.

Ni kweli vyombo vingi vinakwenda na kurudi. Nakubali pia kwamba unajua kushika usukani, mwalimu hakukupamba, na kwamba kukosa kilo si aibu. Najua ilivyo mtu kusifiwa kwa mara ya kwanza akiwa amezoea kukaa chumba cha nyuma, kazi yake kusaga vioo ambavyo wengine wanavivaa na kusifiwa macho. Lilikufurahisha lile jina, nawe ulistahili kufurahi. Hapo niko upande wako. Ila umelikumbatia mpaka limekuwa kilemba cha ukoka, na sasa unataka kulilipia kwa roho ya mtu mwingine.

Basi sikiliza. Ukimaliza kusoma ukurasa huu, mwite wifi yako mezani na mume wako akiwepo, uwaambie habari ya ile kamba bila kuuma maneno. Usianze na mpambaji, usianze na rangi. Sema: nilishindwa kukiinua, mwalimu alinionya, nikakuficha. Kisha nyamaza umwache aamue. Akisema haendi, usimbembeleze wala usimwambie umemharibia siku. Umeshambembeleza vya kutosha.

Akisema bado anataka kwenda, atakaa na yule dereva wa mikate, ambaye ana mwili na anajua chombo. Tani atakuja kwako. Lakini kabla hajaja utamwomba radhi kwenye kundi lilelile ulilomchekeshea watu, si pembeni, si kwa simu ya kunong'ona. Andika kwamba wewe ni mwepesi, humudu kukiinua chombo peke yako, na kwamba alichokisema kilikuwa na maana kuliko ulichomjibu. Watu watacheka. Jikaze kisabuni. Huenda na yeye akacheka, huenda asikubali, na akikataa wewe hutoki, unakaa mchangani unalinda keki.

Jumapili asubuhi, kabla ya rasi na kabla ya picha, kila chombo kilazwe makusudi karibu na ufuo, kwenye maji yenye kina cha kutosha, na watu wake wawili wakiinue wenyewe. Kisichoinuka kinarudi bandani. Nywele zitalowa, mpambaji atalia, mwacheni alie. Majaketi yavaliwe tangu mchangani mpaka mchangani. Upepo ukiwa unatoka nchi kavu kuelekea baharini, fungeni banda, kuleni chakula chenu hapo hapo mrudi nyumbani. Na mume wako abaki ufukweni na simu yenye chaji, akijua mnarudi saa ngapi na akiwa na namba ya waokoaji wa eneo hilo. Kama hakuna anayeijua namba hiyo, mpigieni huyo mjomba mumuulize, na mkiwa mnaongea naye mwambieni mnataka kufanya nini na vyombo vyake. Nina shaka kama anajua.

Umeniuliza wifi atakuona mtu wa aina gani. Atakuona muongo, tena kwa muda mrefu. Atakununia jikoni, atakula kimya, atamwambia kaka yake maneno ambayo utayasikia kupitia ukutani, na yote yatakuwa haki yake. Usipomwambia, siku moja mtakuwa mmekaa juu ya tumbo la chombo kilicholala, umemshika mkono, ufuo unazidi kuwa mdogo, naye atakugeukia akuulize, "Wifi, sasa tunafanyaje?" Jibu lake unalijua tayari. Mpe leo, angali amekaa kwenye kiti.