Kiti cha Jua cha Baba Mkwe

Oddny rafiki yangu, bado natetemeka, na si kwa baridi!

Baba mkwe, Halvard, kachimba kile kiti chake cha kila Pasaka, shimo la kukalia kwenye theluji tukiota jua. Kakichimba wapi? Chini kabisa ya mteremko mkali! Theluji yenyewe imelainika kama uji.

Nikamwambia, "Baba, mteremko huu umepigwa jua tangu asubuhi. Utatuporomokea."

Akacheka. "Binti, mimi nimezaliwa na skii za kutelezea theluji miguuni. Kaa umenye chungwa."

Umenye chungwa! Mbele ya kaburi!

Nikamshika mama mkwe mkono, nikamvuta hadi kwenye kilima cha pembeni. Mzee kavua viatu, kajilaza kama mfalme, anatupigia kelele: "Waoga nyie!"

Juu kukanguruma.

Weee! Aliyezaliwa na skii alizisahau palepale. Alitimka na soksi, Oddny. Na soksi! Theluji ikafukia kiti chote nyuma yake.

Kufika pale tuliposimama, anahema, eti, "Nilishaamua kuhama."

Mama mkwe, ambaye hajawahi kumpinga, akamtazama usoni. "Halvard, kuanzia leo pa kukaa atachagua huyu binti. Wewe utachimba tu."