Mstari Haukuchorwa kwa Urembo

Jumatatu, 4 Machi

Basi, tuliishia wapi? Kwenye vijiti vya kriketi. Jana nilikuwa naandika, nimefika penye utamu, akaingia yule mteja wa rasta ndefu, kalamu ikaenda huko. Haya, naendelea.

Mechi ya pili. Wageni wanakaribia kushinda kabisa, na ya kwanza walishatupiga, kwa hiyo wakichukua na hii kombe linapanda nao ndege. Anayerusha ni binti yangu. Mshale wanamwita, na siyo bure. Sasa kwenye kriketi wapigaji wanakuwa wawili uwanjani. Mmoja anarushiwa mpira, mwenzake anasubiri huku upande wa mrushaji, ndani ya mstari. Asitoke mpaka mpira uondoke mkononi. Yule mgeni anatoka! Anaiba hatua kama mtu anayenyatia jiko la jirani. Mwanangu kaja mbio, mkono juu — harushi! Kageuka, kagonga vijiti vya huku huku, na vikigongwa mtu yuko nje ya mstari, katolewa. Tap! Mwamuzi kanyoosha kidole, nje. Na huyo ndiye aliyekuwa mpigaji wao wa mwisho. Mechi kwisha. Tumeshinda!

Niliruka mpaka drai ya nywele ikaanguka. Kugeuka — saluni nzima wamekaa vitini. Wanatazamana kama wamemeza inzi.

Eti siyo uungwana! Eti mtu kaviziwa! Yaani anayeiba hatua ni muungwana, aliyemkamata ndiye mwizi? Hapa kwangu sheria wanaijua wote: ukinyanyuka kwenye foleni kwenda kununua soda, zamu imekwenda. Mama Pacha alinyanyuka wiki iliyopita, akasukwa jioni. Mbona siku ile hakuna aliyelilia uungwana?

Wifi yangu naye, cherehani yake iko mlango wa pili, kaja na futi ya kupimia shingoni kama daktari. "Wifi, mwanao katuvua nguo mbele za watu."

Nikamwambia, "Si una cherehani? Jishonee nyingine."

Wakacheka. Kidogo.

Lakini nyumbani sikucheka. Mume wangu kazima redio. "Ushindi gani huo wa kuviziana." Basi. Ni fundi vyuma yule, akisema neno limeshachomelewa, kulibandua ni kazi.

Jumanne, 5 Machi

Mshale kaja nyumbani. Begi kalitupa mlangoni, kala amesimama. Baba yake kamsalimia, "Umeshindaje," akaenda zake uani kupiga nyundo kitu ambacho hakikuharibika.

Mwenyekiti wa chama cha kriketi kamwita leo. Kamwambia aombe msamaha kwa wageni mbele ya kamera kabla ya mechi ya tatu, ile ya Jumapili, ya kuamua kombe. Asipoomba atakaa benchi.

"Utamjibu nini?" nikamuuliza.

"Bado nafikiria, mama. Na wewe usimwambie mtu."

"Mimi! Nimwambie nani?"

Akanitazama tu. Mtoto mwenyewe nimemzaa mimi, ananitazama hivyo.

Jumatano, 6 Machi

Wateja wengi. Habari njema: nimemaliza kichwa cha mke wa yule mtangazaji wa redio, misuko midogo midogo kama mtama. Mumewe alikuwa anamsubiri kwenye kiti cha plastiki, anachezea simu. Mtu mzuri, mcheshi, anajua kusikiliza. Tumeongea sana.

Alhamisi, 7 Machi

Jamani! Simu ile haikuwa inachezewa!

Asubuhi nafungua saluni, redio ya dukani hapo mkabala inaongea — nikasema huyu mwanamke sauti yake naijua, mbona ana mdomo hivi. Ni mimi, kanirekodi yule mtangazaji! "Mwanangu aombe msamaha? Ng'o! Ng'o na ng'o tena! Waje wanifundishe mimi uungwana na miguu yao nje ya mstari! Mwenyekiti akitaka msamaha aombe yeye, kwa kutunyima viatu vya kuchezea miaka yote!" Na lile la viatu ni siri, nilisikia kwa mke wa mtunza uwanja.

Mikono yangu ikisuka, mdomo nao unasuka. Ndivyo nilivyoumbwa. Lakini sasa nimesuka kubaya.

Mshale kaja mbio kutoka mazoezini. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Hiyo ndiyo iliyoniua.

"Mama, lile lilikuwa neno langu. Sasa nikikataa, wanasema nimekatazwa na mama. Nikikubali, wanasema nimemkimbia mama. Nimebaki na lipi?"

 Mimi! Nimekaa na kitana mkononi kama sanamu ya dirishani.

Halafu akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia kitu. Kwamba alimwonya yule mpigaji. Mara mbili! Mara ya kwanza alisimama akamwambia dada, rudi ndani. Mara ya pili akamwonyesha mstari kwa kidole. Mwamuzi yupo hapo hapo, kasikia.

Nikaruka. "Sasa si useme! Mbona imekwisha hiyo! Baba yako akisikia —"

"Hapana. Na baba pia hapana."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nikisema nilimwonya, nitakuwa nimekubali kwamba nilipaswa kumwonya. Sikupaswa. Sheria haisemi hivyo. Kesho mrushaji mwingine atamtoa mtu bila kumwonya, wataanza kumtukana, watasema mbona Mshale alionya. Sitaki kuwa mzuri kwa mlango wa nyuma. Nimemtoa kihalali, basi."

Nikamtazama. Nikasema, huyu kweli nimemzaa mimi? Mimi kelele zangu ni za mdomoni. Huyu za kwake ziko kwenye mfupa.

"Niahidi, mama."

Nimeahidi. Mungu anisaidie, maana kwa nguvu zangu mwenyewe sifiki Jumapili.

Ijumaa, 8 Machi

Mshale kamjibu mwenyekiti. Kaniambia mwenyewe kwa simu, maneno machache kama baba yake: "Nimemwambia kama mstari haufai waufute. Ukiwepo, nitautumia."

Mwenyekiti kafoka, kasema benchi. Nahodha wa timu yetu naye, msichana mwembamba tu, kajibu kwamba kikosi kinapangwa na kocha na nahodha, mwenyekiti apange viti vya wageni. Sasa wanavutana. Hatujui atacheza au hachezi.

Wifi kaja tena, eti anaazima mkasi. Ana mikasi mitano yule!

"Angemwonya tu, wifi. Mara moja tu. Nisingesema neno."

Maneno yalinipanda, nikayasikia hapa kooni yamekaa kama embe bichi. Aliyemwonya ni nani kama siyo yeye! Mara mbili! Nikaweka pini za nywele mdomoni, nyingi, nikafunga meno.

"Umenuna?" ananiuliza.

"Mmh."

"Unaumwa?"

"Mmh-mmh."

Katoka ana wasiwasi. Kaenda kuwaambia watu naumwa jino. Mpaka jioni nimeletewa karafuu mara tatu.

Na yule mzee wangu! Leo kala, kanawa, kasema, "Mtoto kapoteza jina kwa mechi moja." Siyo kwa hasira. Kwa huzuni. Hasira yake ningeiweza, naijua inapolala. Nimeosha vyombo vyote, na vile safi nikavirudia.

Jumapili, 10 Machi

Anacheza!

Niandike haraka. Niko uani nyuma ya saluni, kwenye pipa la maji. Wamenitoa mimi na kelele zangu, kwenye saluni yangu mwenyewe! Kodi nalipa mimi! Basi naandika, mkono ukifanya kazi mdomo utulie. Dirisha liko wazi, namsikia mtangazaji wa mechi, na runinga naiona kipande, kati ya kichwa cha Mama Pacha na pazia.

Walimzomea kuanzia anaingia. Uwanja wake mwenyewe, watu wake mwenyewe! Yeye kafunga kamba za viatu taratibu, kama yuko sebuleni.

Sasa wageni ndio wanapiga na wamekaribia tena. Ova ya mwisho, yaani mipira sita ya kumalizia. Nahodha kazungusha macho, kampa mpira — Mshale. Watu wakapiga miluzi. Nikasema pigeni, miluzi haishiki ubao wa kupigia.

Halafu nikaona kitu. Yule anayesubiri upande wake hatoki! Kagandia mstari kama kupe! Mpira wa tano umerushwa, umepigwa mbali, kule pembeni hakuna mtu, hapo ni mbio mbili za wazi, kila wakibadilishana upande pointi moja — na yeye ndiyo kwanza anang'oa mguu. Kachelewa! Wamepata moja tu!

Wifi ndiye aliyepiga ukelele. Wifi! "Kachelewa kutoka! Anaogopa! Anamwogopa mtoto wetu!"

Mtoto wetu, eti. Tangu lini? Haya, nitamwuliza baadaye.

Kwa hiyo ni jambo lile lile. Walilolitukana wiki nzima ndilo linalowanyima mbio leo. Hajagonga kijiti chochote. Mstari wenyewe ndio unacheza.

Umebaki mpira mmoja. Wanataka mbio mbili. Wamebadilishana upande, na huyu aliyekuja huku naye kachomeka ubao wake chini ndani ya mstari, kauegemea kama mlinzi wa lango. Mshale kaanza kukimbia — kasimama.  Kamtazama yule. Kautazama mstari. Anarudi kuanza upya. Miluzi imekata. Hata mmoja hapigi!

Mtangazaji anasema sasa watu wanajiuliza, je, siku ile alimwonya au hakumwonya? Eti mwamuzi kaulizwa asubuhi, kasema aulizwe mchezaji mwenyewe.

Huko ndani wameanza kubishana. Nimeng'ata kifuniko cha kalamu, kina ladha ya wino. Sisemi. Sisemi. Kombe lije, kombe liende, sisemi.

Nani huyo mlangoni? Mume wangu! Aliyesema hataangalia! Bado kavaa aproni ya kazi, kasimama katikati ya wanawake na makaratasi yao kichwani, hata hajali. Macho kwenye runinga. Mshale amefika mwisho wa njia yake, kageuka, mpira uko mkononi —

Ananiita. Siyo mama watoto, ananiita jina langu! Anauliza kwa sauti, mbele ya wote, wewe unajua, wewe hukosi kujua, mtoto alimwonya yule au hakumwonya, nijibu kabla hajarusha. Wote wamegeukia dirishani, wananitazama mimi badala ya mpira. Anaita tena —

"Weka hiyo kalamu! Njoo hapa!"

Haya, naiweka, lakini kwanza pini za nywele, zote, mdomoni.