Gari Lililoletwa Chafu

Kasulu, Jumapili, mwisho wa kiangazi. Huu ni mwaka wa ishirini na tisa tangu nivuke ziwa kutoka Uvira, na mwezi wa tano tangu tukuzike.

Fundi Shabani,

Gari la zahanati ya Kumsenga limepona. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ungeniuliza hilo kabla ya habari za mkeo, Bi Zaina.

Unalikumbuka, lile jeupe refu linalowachukua akina mama wajawazito kuwapeleka hospitali ya Kibondo. Watu wa hapa walikuwa wakitucheka: kiyoyozi cha nini kwenye baridi hii ya milimani? Nawe ukiwajibu, "Si cha joto, ni cha vumbi. Mpandishe mama mwenye uchungu, funga vioo bila AC, halafu uniambie." Ulilishughulikia mara tatu. Kwanza ulibadili kondensa iliyotobolewa na kokoto. Mara ya pili ulibadili oringi zote, zile pete za mpira za kwenye viungio. Mara ya tatu hukuona cha kubadili. Ulivuta hewa yote ya mabomba kwa pampu, ukaketi juu ya betri kuukuu ukiitazama sindano ya geji kwa saa nzima. Haikusogea. Ukaniambia, "Mwalimu, hapa hapavuji. Jaza gesi." Nikajaza.

Baada ya wiki tano Bukuru, dereva wake, akarudi vioo vikiwa wazi, nyusi nyekundu kwa vumbi. Wewe ulikuwa umeshalazwa. Sikukuambia. Nisamehe, nilidhani ningekuambia ukitoka.

Siku ya arobaini yako Hamisi alikuja kutoka Tanga. Ndugu yako si mtu mbaya, ila husema mambo yake kama anayesoma tangazo. Mbele ya wazee akasema, "Gereji bila fundi ni uwanja mtupu. Huyu Mwalimu ni mgeni, kesho wakimbizi wenzake wakirudi kwao naye atapanda boti. Kiwanja kiuzwe, shemeji aje Tanga." Bi Zaina akamjibu kwamba mkono wako umebaki kwangu. Hamisi akacheka. "Mkono upi? Gari la Kumsenga si limewashinda nyote wawili?"

Fundi, ilikuwa kweli.

Bi Zaina aliomba muda hadi kiangazi kiishe. Wote waliokuwapo walielewa sharti: gari lile likirudi tena AC ikiwa imekufa, gereji inauzwa. Kisha akagawa nguo zako. Kanzu zilienda kwa Hamisi, mimi nikapewa ovaroli ya buluu. Mfukoni nilikuta penseli ya seremala, kipande cha sabuni na kifuniko kidogo cheusi cha plastiki chenye herufi L. Nikavirudisha mlemle. Sikutaka kuvitoa.

Wiki ile nililikagua gari upya, kama mtu anayesahihisha mtihani wa mwanafunzi anayempenda. Nilipaka povu la sabuni kwenye kila kiungio. Nilichuchumaa kwenye bomba linalotoa maji chini ya dashibodi, nikapaka na hapo, kwa sababu ulinifundisha kwamba tundu lililojificha ndani hupumulia pale. Nilivuta hewa, nikaitazama sindano. Ilitulia kama ilivyotulia mbele yako. Nilijaza mara ya nne, nikijua kwamba sijui.

Ndipo nikakumbuka jambo ulilokuwa ukilalamikia miaka yote. Watu wa huku hawaleti gari chafu kwa fundi. Wanaona ni utovu wa adabu, kama kwenda kwa daktari bila kuoga. Bukuru alikuwa akisimama mtoni kabla ya kuingia mjini, akalisugua gari zima, na injini akaimwagia ndoo mbili. Wewe ulikuwa ukimkaripia: "Umeniletea maiti iliyokwisha kuoshwa, nitajuaje imeuawa na nini?" Gesi ikitoka hutoka na mafuta kidogo, mafuta hushika vumbi, na vumbi hilo ndilo ushahidi. Sisi kila mara tulipokea gari lililofutwa ushahidi, tukalalamika, tukaendelea na kazi.

Nikampigia Bukuru. Nilimwambia asilioshe kwa wiki tatu, kisha aniletee hivyo hivyo, kabla gesi haijaisha.

"Mwakeye, mzee," akanisalimu kwanza kwa Kiha. "Wiki tatu? Muuguzi mkuu atanifukuza!"

"Mwambie ni amri ya Fundi Shabani."

"Basi sawa. Yule hata muuguzi alimwogopa."

Aliingia mjini siku ya gulio, kwa aibu kubwa. Gari lilikuwa jekundu kama tofali. Vijana walikuwa wameandika kwa kidole kwenye mlango wa nyuma, NIOGESHENI NAKUFA. Bukuru alikuwa ameinamisha kofia hadi puani. Nikafungua boneti, nikasimama bila kugusa kitu, kama ulivyonifundisha: macho kwanza, mikono baadaye. Vumbi lilikuwa kavu kila mahali. Kondensa kavu, kompresa kavu, viungio vikavu. Mahali pamoja tu palikuwa na pete nyeusi, yenye unyevu, haizidi kifungo cha shati: kwenye mdomo wa valvu ya kujazia gesi.

Valvu yetu wenyewe, Fundi. Pale pale tunapofunga hosi ya geji.

Niliketi juu ya betri yako. Miaka kumi na moja nilifundisha fizikia, na sikuliona. Hosi ikishafungwa pale, yenyewe huziba mdomo wote. Sindano ingesogeaje? Tulikuwa tunapima tundu huku tumelikalia. Tukitoa hosi, gesi inaanza kutoka polepole, na gari linaondoka nayo hadi Kumsenga. Nikapaka povu hosi ikiwa imetolewa. Likapanda povu moja dogo, likavimba bila haraka, likapasuka, likapanda jingine.

Kifuniko cha valvu, chenye herufi L ya upande wa presha ndogo, hakikuwapo. Kingekuwapo, na mpira wake wa ndani, huenda kingeizuia gesi hiyo.

Nikatia mkono mfukoni mwa ovaroli.

Vifuniko hivi hufanana, na siwezi kuapa kwamba kile kilitoka kwenye gari lile. Lakini kiliingia na kukaza. Nadhani ulikitoa, ukakiweka mfukoni ili kisipotee, na ugonjwa ulikuwa tayari unakuchosha kuliko ulivyotuonyesha. Bukuru aliuliza kosa lilikuwa wapi. Nikamwambia, "Kwetu. Gereji ndiyo iliyokosea." Sikutaja jina. Niliposimulia kwa Bi Zaina nilimweleza yote, kwa sababu hakuna aliyewahi kumdanganya akafaulu. Alicheka hadi akalia, akasema, "Hata funguo za nyumba alikuwa anazizika mifukoni."

Nilibadili valvu ndogo ya ndani, ile inayofanana na ya tairi, nikajaza, nikafunga kifuniko. Kisha nikasubiri kiangazi chote kilichobaki.

Juzi nilikwenda Kibondo kutafuta hosi. Kwenye barabara ya vumbi nikaliona gari jeupe linakuja. Kwa kawaida Bukuru hushusha kioo na kunipigia kelele toka mbali. Safari hii hakushusha. Alipiga honi mara mbili, akaonyesha kwa kidole kioo kilichofungwa, akacheka, akapita. Nyuma yake kulikuwa na mama amelala, shuka lake bado jeupe. Nilisimama kwenye vumbi lao nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Aprili.

Bi Zaina amempigia Hamisi. Kiwanja hakiuzwi. Kisha akaniuliza mimi, kwa upole, kama nitabaki au nitarudi kwetu, maana anajua kwamba dada yangu hunipigia kila mwezi kutoka Uvira akisema: "Kaka, rudia kwetu, nyumba ya papa iko inakungojea." Naiota nyumba hiyo ya baba. Nakumbuka hata idadi ya ngazi zake kushuka ziwani.

Nimeandika ukutani, chini ya jina lako, kwa rangi nyekundu: LETE GARI LIKIWA CHAFU. Nakuahidi hakuna gari litakalotoka hapa kabla sijagusa vifuniko vyote kwa kidole. Ovaroli nimeifua; mfuko nimeushona.

Pumzika, Fundi. Kesho saa mbili nafungua geti. Bi Zaina nimeshampa jibu, na wewe nakupa lile lile: sitarudi Uvira.