Wati Thelathini na Tano

Jumatatu, 6 Oktoba
Saa mbili: wati kumi na tatu. Saa nne: kumi na sita. Saa kumi: hamsini na moja! Nimefuta, nimesoma kipimo tena. Hamsini na moja.

Kompyuta zetu za shule ni nne, kila moja ndogo kama kitabu cha sala. Zimeunganishwa zifanye kazi kama moja. Masomo yote yamo humo. Prefe, mkuu wa shule, anasema zinamaliza batri ya sola, na darasa la mwisho linakosa taa jioni. Nisipomwonyesha Ijumaa kwamba sivyo, zinafungiwa kabatini.

Madame Furaha, mwalimu wa fizikia, alinipa kipimo na kuniambia: "Usiandike unachopenda. Andika unachoona."

Jumanne, 7 Oktoba
Saa kumi: arobaini na tisa. Nina hasira nazo. Ninazipenda kupita kiasi.

Jumatano, 8 Oktoba
Saa kumi nimezizima zote. Nilitarajia sifuri. Thelathini na tano.

Si zenyewe! Nimefuata ralonji, waya mrefu wa umeme uliochomekwa pamoja nazo. Unapita chini ya mlango hadi kibanda cha mlinzi, Muzee Kambale. Simu saba juu ya gunia, zinachajiwa.

"Ni za bamama wenye kuuzisha hapa mlangoni," amesema. "Kwabo hakuna umeme. Silipishake mutu."

Ya tatu ina uzi mwekundu. Ya mama yangu, muuza ndizi. Ndiyo maana kila jioni imejaa. Nimeona aibu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nikificha, kompyuta zinaondoka. Nikisema, Muzee anafukuzwa. Nimemwambia yote. Amecheka: "Andika, mutoto yangu. Na jina yangu uiandike bila kosa. Miye si mwizi."

Nimelia chooni. Kisha nimechungulia kisanduku cha sola. Saa sita taa ya kijani: batri imejaa. Jua lote la adhuhuri tunalitupa bure.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimemsomea Prefe kila kitu. Kompyuta, wati kumi na sita. Simu, wati thelathini na tano, mojawapo ikiwa ya mama yangu. Nikapendekeza: simu zichajiwe saa sita, batri ikijaa, si saa kumi.

Prefe akamwita Muzee.

"Simu ngapi?"

"Saba, Monsieur Prefe."

Akatoa yake mfukoni. "Nane. Zichajiwe saa sita, na kila siku saa nane ralonji iwe mezani kwangu."

Jumatatu, 13 Oktoba
Saa kumi: wati kumi na tatu. Madame ametia sahihi daftarini.

Nimemsaidia mama kubeba ndizi zilizobaki. Nyuma yetu darasa la mwisho limewasha taa. Mama hakuuliza kitu. Simu yake imejaa.