Kozi wa Kisutu

Dar es Salaam, 10 Agosti 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi ya kuchora ramani inaendelea. Natumaini nawe u mzima pamoja na kuku wako.

Kuna sauti moja haijanitoka tangu Jumanne. Nilikuwa napita Kisutu, penye kuku wa kuuza. Katikati ya honi na makelele, jogoo mmoja ndani ya tenga akalia ule mlio mrefu, mwembamba, kama bawaba kavu. Watu walipita tu. Mimi nilisimama nikatazama juu, maana ulinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. Ndege alishuka kutoka ghorofani kama jiwe, akampiga njiwa hewani, yakabaki manyoya.

Sasa namwona kila siku kutoka dirisha la ofisi, kwenye ukingo wa jengo la mbele. Mwewe si yeye, mkia haukupasuka. Je, ni kipanga au kozi?

Simu yako haipatikani, kwa hiyo barua nampa Shamsudin akirudi huko na gari lake la mboga.

Binti yako,
Mwanvita

Zinga, 19 Agosti 2024

Mwanangu Mwanvita,

Marahaba. Hatujambo, alhamdulillah, na paka amezaa. Simu imepasuka kioo. Mwandiko huu ni wa jirani yetu Ashatu, mkono wangu umevimba kwa jembe. Ukiona makosa ni yake, na hapa ananikazia macho.

Sikiliza. Mwewe akizunguka mbali, jogoo hulia mara moja, mlio mrefu, vifaranga wakamkimbilia mama yao. Kipanga akitokea karibu, chini chini, hakuna kelele. Ua mzima hunyamaza, hata jani likianguka utalisikia. Nyoka au paka, ni kokoko zisizokwisha. Juzi palinyamaza, nikapiga debe, tukaokoa vifaranga wote tisa.

Huyo wako jogoo alimlilia akiwa bado mbali, basi ni mpigaji wa kutoka juu. Nasema kozi.

Baba yako

Dar es Salaam, 27 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo, na pole kwa mkono. Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikaijaribu. Nilisimama Kisutu nimefumba macho, nikangoja matenga yanyamaze. Mara tatu yalinyamaza, na mara mbili nilipofumbua ndege yule alikuwa anapita. Mwenye kuku aliniuliza kama nanunua au naswali.

Nakutumia picha, nimeisafishia studio. Tazama mashavu, yana weusi kama masizi? Mabawa yamechongoka? Ukiniambia umemwona, nitaamini.

Binti yako,
Mwanvita

Zinga, 5 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mkono bado, mengine salama. Picha nimeitazama sana, ndani na nje juani. Huyo ni kozi, usibishane na mtu. Masizi mashavuni anayo, mabawa yamechongoka, na amesimama kama mwenye nyumba. Nadhani ni jike.

Baba yako

Dar es Salaam, 7 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Jana nilifungua daftari langu, picha ya kozi ikaanguka. Ilikuwa humo siku zote. Studio walinipa mbili, na niliyokutumia ni ile niliyopiga baada ya yeye kuruka. Haina ndege, baba. Ina ukuta na bomba la maji.

Ndipo nikairudia barua yako ya kwanza. Kila ulichonieleza ulikisikia. Hakuna hata kimoja ulichokiona. Nikakumbuka siku ya Idi, ulivyonimiminia chai ncha ya kidole chako ikiwa ndani ya kikombe. Nilicheka, nikadhani unapima joto.

Unaona nini? Niambie kweli.

Mwanvita

Zinga, 29 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimekawia kwa aibu. Mkono wangu mzima. Ashatu ananisomea na kuniandikia kwa kuwa mimi siwezi. Alipofungua bahasha, picha ilinidondokea mapajani, nikaiwahisha mfukoni kabla hajaiona. Nilitaka jambo moja nikujibu peke yangu.

Jicho la kulia limekwisha tangu Ramadhani. La kushoto linaona mwanga, na watu kama moshi. Tabibu wa zahanati alisema ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, hospitali wanautoa. Lakini huko nitahitaji mtu wa kunishika mkono, na watamwita kaka yako Mikdad. Unajua anavyotaka niuze hapa nihamie kwake Mapinga. Akijua sioni, nitaamkia Mapinga, na hapa patapigwa vigingi vya viwanja. Hapa nazijua hatua zote, kutoka mlangoni mpaka bandani. Kule nitahamishwa kutoka kiti hadi kiti.

Usimwambie. Nakuomba.

Baba yako

Dar es Salaam, 6 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Dada Ashatu, msomee polepole, na asikukatishe katikati.

Makinda wawili wa kozi wametokeza vichwa kwenye ukingo, weupe kama pamba. Niliwatazama siku tatu nikiliwaza ombi lako. Nilikaribia kulikubali. Lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba ua ukinyamaza ndipo hatari iko karibu zaidi.

Ijumaa nilikwenda Mapinga. Kaka Mikdad alikuwa anakula. Nikamweleza yote. Akasukuma sahani, akaniuliza, "Kwa nini hakuniambia mimi?" Nikamwambia kwa nini, mpaka lile la vigingi. Aliudhika, nami sikumbembeleza. Akanawa mikono, kisha akauliza, "Na kuku atawaangalia nani?"

"Wewe," nikasema. "Utakwenda Zinga kulala huko mpaka arudi kutoka hospitali. Baba haji Mapinga."

Amekubali. Kama atabadilika baadaye sijui, ila ameyasema mbele ya mkewe.

Nimekuandikisha hospitali, Jumatano tarehe 16. Likizo nimeshapewa. Shamsudin atakuleta, na mkono nitakushika mimi. Picha ya kozi siitumi, itakungoja huku. Sikukuandikia kwanza kabla ya kwenda Mapinga, maana ungenikataza mara ya pili, na kukuasi mara mbili nisingeweza.

Binti yako,
Mwanvita