Kila Mstari Unaelekea kwa Mzee Shabani

Alhamisi, Singida mjini. Upepo tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye kibodi. Afya njema, ila nimejikasirikia.

Viwanda viwili vya kukamua alizeti vimeungana: cha hapa mjini kimenunua cha Misigiri. Mimi nimepewa kazi ya kuchora nani anamtegemea nani. Kila mfanyakazi ni nukta; akimwendea mwenzake kazi inapokwama, nachora mstari kati yao. Mdogo wangu anadhani nalipwa kuchungulia akaunti za watu mtandaoni. Nimechoka kumrekebisha.

Wenye kiwanda wataitumia picha hiyo kuamua nani abaki Misigiri. Kwa hiyo sitakiwi kukosea.

Nimekosea.

Niliwauliza watu wa Misigiri, wakiwa wamekaa pamoja, kazi ikikwama wanamwendea nani. Karibu wote walimtaja Mzee Shabani, msimamizi wa zamu, mkubwa wao kwa umri. Salome, anayepokea alizeti za wakulima, alibaki pembeni kabisa mwa picha, na wa pembeni ndiye hupunguzwa kwanza. Nikafurahi kwamba picha imetoka safi. Mimi, Mnyaturu niliyelelewa hukuhuku, nisiyeweza kumsalimia mdogo nikamruka mkubwa! Nani angemtaja Salome na mzee amekaa palepale?

Leo nilikwenda kumwonyesha mzee picha kabla sijaituma. Nikamwamkia, nikakaa. Aliitazama kwa muda, akacheka kidogo.

“Mwanangu, hapa wananiamkia tu. Mzigo ukichelewa, wakulima wakisusa, wanampigia Salome. Hata mimi nampigia.”

Nilimweleza kwamba nikirekebisha, yeye ndiye atakayekwenda pembeni, na huenda akapoteza kazi. Akasema ameelewa. Halafu akaniuliza mama yangu anaendeleaje.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na uchungu, sifichi. Ningependa picha iwe na nafasi ya wote wawili katikati. Haina.

Kesho narudi Misigiri. Nitamuuliza kila mtu peke yake: mara ya mwisho kazi ilipokwama, ulimpigia nani? Picha itakayotoka ndiyo nitakayoituma, hata ikiniuma.

Ila katika mbinu zangu zote hakuna mstari wa kuchora alichofanya mzee leo. Hicho nitakiandika kwa maneno, ukurasa wa kwanza, wenye kiwanda wakisome kabla hawajaiona picha.